Tulikopa Karamu, Tukaacha Chakula

Kuna uongo mmoja ambao umekaa majumbani mwetu muda mrefu hata umezoeleka kama ukweli. Unasema kwamba mapishi ya Kihindi ni mapishi ya siku kubwa: yana gharama, yana mafuta mengi, yana viungo kumi na vitano, na mtu wa mshahara wa kawaida hawezi kuyaweka mezani pake siku ya Jumanne. Nimeusikia kwa wanawake, nimeusikia kwa wanaume, na kwa miaka mingi nimeusema mimi mwenyewe. Katika kurasa hizi nataka kuupinga, na msomaji anisamehe ikiwa nitaupinga kwa ukali, kwani uongo huo umenigharimu.

Hebu kwanza tutazame tulichokichukua kwa majirani zetu hawa. Wahindi wamefika pwani yetu kwa majahazi, wakifuata pepo za msimu, kwa karne nyingi kabla ya Mwingereza. Halafu kati ya mwaka 1896 na 1901 wakaletwa zaidi ya 30,000 kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, baadhi wakabaki. Wakaja na wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch, mafundi wa Punjab, makarani wa Goa. Katika kuishi nao tumejifunza biriani, bajia, kachori, achari, kachumbari, na chapati ambayo leo hakuna sikukuu inayokamilika bila yake. Sasa jiulize, ndugu msomaji, vitu hivi vinafanana kwa lipi? Ni vyakula vya harusini na vya barabarani. Ndivyo ambavyo mpita njia anaviona. Kile kinachopikwa ndani, mlango umefungwa, siku ambayo hakuna mgeni, hatukukiona, na kwa kuwa hatukukiona tukadhani hakipo.

Hata hiyo chapati yenyewe. Tunayoipika sisi, ya kukunja na kupaka mafuta, kisha kukaangwa kwa mafuta mengine, kwao huitwa paratha, nayo si mkate wa kila siku katika kila nyumba. Chapati yao ya kila siku ni unga wa ngano usiokobolewa, maji, labda na chumvi kidogo, juu ya chuma kikavu. Sisi tuliichukua ile ya mafuta, tukaipa jina la ile kavu, tukaihesabu kuwa anasa.

Nilivyojua haya ni kisa cha aibu, nami nitakieleza kama kilivyokuwa. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana hapa Tanga, nimeshuka kutoka Lushoto na sanduku moja. Zilikuwa siku ngumu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa ngano kwa kujuana. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu ile vita dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983, na katika vichwa vyetu vijana kila Mhindi mwenye duka alikuwa na ghala la siri. Nilipata kazi ya jioni ya kumfundisha hesabu mtoto wa familia moja ya Kihindi, na kila jioni nilipokuwa nikimfundisha kugawanya, harufu ilikuwa ikitoka jikoni na kunigawanya mimi. Nilijiambia, siku moja watanikaribisha, na siku hiyo nitakula biriani.

Siku ikafika. Bibi wa yule mtoto, mama mtu mzima, mzaliwa wa Tanga ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi Msambaa, alinitengea meza. Sahani ya chuma. Wali mweupe. Choroko zilizopaazwa, za manjano, nyepesi kama uji. Kabichi. Kipande cha ndimu na achari ya embe pembeni. Basi.

Damu ilinipanda. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba nimepewa chakula cha mtumishi. Nilichovya vijiko viwili, nikasema nimeshiba, nikaondoka. Nilimsimulia mke wangu usiku ule kwa hasira: hata chakula wanatubagua.

Wiki iliyofuata nilifika mapema. Niliwakuta wote mezani: yule mama, mwanawe mwenye duka, mkwewe, watoto. Sahani zile zile za chuma. Choroko zile zile. Yule mama alinitazama, akaelewa kila kitu.

"Mwalimu, juzi hukula. Ulidhani nimekudharau?"

Nikakosa la kusema.

"Sisi ndivyo tunavyokula kila siku, mwanangu. Biriani napika mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo naumwa mgongo mpaka asubuhi."

Alicheka. Nami nikacheka, nikala, na nikiri kwamba kilikuwa chakula kitamu. Lakini je, nilijifunza? Sikujifunza. Nilirudi nyumbani nikaendelea kuamini nilichokuwa nikiamini, kwa sababu jiko halikuwa jambo langu.

Hapa ndipo nataka kugombana na wanaume wenzangu. Baba yangu mdogo alikuwa mpishi katika nyumba ya Kihindi hapa mjini kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapishi wa aina yake walikuwa wengi enzi zile, nao wengi wao walikuwa wanaume wetu. Alijua kila kitu. Alijua haradali inalia kwa sauti gani ikiwa tayari, alijua bilinganya lipi lina mbegu chungu kwa kulitazama tu. Alilisha watoto wa watu wengine wakakua wakawa wazee. Lakini alipofika nyumbani kwake alivua viatu, akakaa uani, akangoja ugali. Sikumwona hata siku moja akishika mwiko wa mke wake. Kupika kwa mshahara ilikuwa kazi. Kupika kwa mapenzi ilikuwa aibu. Alifariki mwaka 1991 na elimu yote ile akaenda nayo kaburini, na wanawe mpaka leo wananunua mchuzi wa pakiti. Huo ndio upuuzi ninaousema. Tulikuwa na chuo ndani ya ukoo, tukakifunga kwa ajili ya haya.

Mwaka 2012 mke wangu aligundulika ana kisukari. Dalili zilikuwapo muda mrefu nasi tukazipa majina mengine: uchovu, umri, macho ya kusoma. Siku moja alikuwa jikoni akakanyaga kaa la moto asijue. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Jeraha lile lilichukua miezi kupona, na tangu siku hiyo nilimwambia jiko la mkaa yeye basi, nitalishika mimi. Akasema, "Baba, utatupikia nini?" Lilikuwa swali la haki. Nilijua kuchemsha chai.

Muuguzi alitupa maelekezo kwa upole: punguzeni mafuta, punguzeni unga mweupe na soda, ongezeni mboga na jamii ya kunde. Tulirudi nyumbani tukatazamana. Chakula chetu cha heshima kilikuwa pilau na chapati zinazong'aa mafuta. Chakula chetu cha kawaida kilikuwa rundo la ugali na kitoweo kidogo. Katikati hapakuwa na kitu. Ndipo, baada ya miaka ishirini na minane, ile sahani ya chuma ikanirudia.

Basi nieleze ninavyopika, maana watu hudhani nasifia jambo nisiloliweza. Choroko zilizopaazwa, robo kilo kwa watu watano. Nazichagua mawe, naziosha maji matatu mpaka yaache kuwa meupe. Nazichemsha kwa maji mengi na nusu kijiko cha chai cha manjano. Povu la kwanza nalitoa. Baada ya nusu saa hivi zimepasuka zenyewe. Natia chumvi na nyanya moja iliyokatwakatwa, nazipiga kwa upawa mpaka ziwe laini. Hapo bado ni uji wa wagonjwa. Kinachofuata ndicho siri yote, na kwa kweli si siri: kikaango kidogo, vijiko viwili vya mafuta kwa sufuria nzima, moto wa wastani. Mbegu za haradali kwanza. Zikianza kurukaruka, bizari nyembamba. Kisha vitunguu saumu vilivyopondwa na pilipili moja kavu. Vitunguu vikiwa rangi ya dhahabu, usivisubiri viwe kahawia, namimina vyote ndani ya choroko na kufunika mara moja. Sauti yake majirani wanaijua. Wagujarati hukiita kitendo hicho vaghar, Wahindi wa kaskazini hukiita tadka. Mwisho ni kotmiri ukiwa nayo na ndimu juu.

Mafuta vijiko viwili! Wangapi kati yetu tunajua mchuzi wa vijiko viwili?

Chapati zilinisumbua zaidi. Unga wa atta, maji ya uvuguvugu, kukanda mpaka unga uache kushika mikono, kisha kuuacha nusu saa chini ya kitambaa. Nasukuma nyembamba, naweka juu ya chuma kikavu chenye moto, nageuza ikitoa vidoa, kisha naitupa juu ya makaa kwa koleo kwa muda wa kuhesabu tano. Ikiwa umeisukuma sawasawa inavimba kama mpira. Yangu ya kwanza ilivimba baada ya wiki tatu, na wajukuu walipiga makofi. Zilizotangulia zilikuwa ngao za Wamasai.

Zaidi ya hapo ni mboga tu. Kabichi iliyokatwa nyembamba na haradali, dakika tano. Bilinganya lililochomwa zima juu ya makaa, likamenywa na kupondwa na kitunguu na pilipili mbichi. Mtindi uliokunwa tango ndani yake. Siku ya kuchoka, wali na choroko katika sufuria moja, chakula ambacho wao huita khichdi na humpa mtoto, mzee na mgonjwa, na mwenye afya vilevile mvua ikinyesha.

Najua wako watakaosema viungo ni ghali. Huyo ananunua biriani kichwani mwake. Sikutaja zafarani, sikutaja iliki, sikutaja karafuu. Nimetaja manjano, haradali, bizari nyembamba, vitu ambavyo sokoni kwetu vinapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha nailoni au karatasi, na kipimo kimoja kinamaliza wiki mbili. Ghali ni ule unga wa pakiti ulioandikwa bizari ya mchuzi, ambao ukiutia kwenye samaki, kuku, viazi na maharage, vyote vinaonja kitu kimoja. Wazo la kuchanganya viungo vyote mara moja na kuviuza kama unga wa mapishi yote lilistawi Uingereza tangu karne ya 18, kwa watu waliotaka ladha ya India bila kujua kupika. Mama wa Kihindi nyumbani kwake hana unga mmoja wa kutia kila chungu. Sisi tunaoishi naye mtaa mmoja tumekwenda kuchukua njia ya mkato ya mtu wa London.

Wengine husema si chakula chetu. Hawa ndio wananichekesha kabisa, maana huyasema huku wakimega ugali wa mahindi, na mahindi yalitoka Amerika mikononi mwa Wareno, sawa na muhogo, sawa na nyanya na pilipili zilizomo kwenye kitoweo chao. Halafu tazama kabati la dawa la bibi yeyote wa Tanga. Uwatu upo, wa mzazi apate maziwa. Mvuje upo, umefungwa kwenye kitambaa mkononi mwa mtoto mchanga kufukuza mashetani. Mlonge uko uani. Vyote hivyo upande wa pili wa ukuta vinaliwa: uwatu kwenye mboga, chembe ya mvuje kwenye dengu ili tumbo lisijae gesi, matunda ya mlonge kwenye mchuzi. Hata dodoki tunalojisugulia mgongoni, likiwa changa wao wanalipika. Sisi tunaoga na chakula chao.

Na kuna jambo zito kuliko la utani. Mkulima wetu wa Babati, wa Mtwara na wa Lindi analima mbaazi, na kwa miaka mingi mnunuzi wake mkubwa amekuwa India, ambako zinapaazwa na kuwa chakula cha kila siku cha mamilioni. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje, ili kuwalinda wakulima wake. Bei huku ikaanguka. Magunia yakakaa, wengine wakajuta kulima. Sisi Tanga mbaazi tunazipenda, za nazi na maandazi asubuhi, lakini hicho ni kifungua kinywa. Mchana na usiku hatuna habari nazo. Sisemi kwamba sufuria zetu zingeokoa soko lile. Nasema ni ajabu mtu kulima chakula, kukidharau, halafu kulia kwamba jirani wa mbali amekataa kukila.

Nisieleweke vibaya. Wahindi si malaika wa jikoni. Wana jalebi, wana ladu, wana samli isiyo na breki, na kisukari kimewajaa wao kama kilivyotujaa sisi. Wala sisemi choroko zimemponya mke wangu. Anameza dawa zake kila siku, anakwenda kliniki, jicho moja limebaki hafifu. Ninachosema ni kwamba alipewa agizo la kula kwa namna fulani, na namna hiyo ilikuwapo mtaani, rahisi na tamu, tangu kabla hatujazaliwa, nasi tulikuwa tukinusa tu.

Mwanzoni aliona haya kuliko mimi. Akikaa mlangoni wakati napika, alikuwa akisema, "Baba, funga mlango, wanapita watu." Watu walipita na mlango ukiwa wazi. Ikasemwa nimelishwa limbwata. Mwenzangu mmoja wa shule alinishauri nimtafute mganga. Nikamwambia mganga wangu ni haradali, akadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Mwaka 2019, baada ya kustaafu, kaka yangu mkubwa alishuka kutoka Lushoto akakaa nasi siku nne. Siku ya kwanza nilimtengea choroko, chapati kavu, bilinganya na mtindi. Alitazama sahani kama nilivyoitazama mimi mwaka 1984. Ningeweza kumsomea mawazo yake neno kwa neno.

"Mdogo wangu, pensheni imeisha?"

Mke wangu akamjibu kabla yangu. "Shemeji, pensheni ipo. Kula kwanza, maneno baadaye."

Alikula chapati tatu na bilinganya lote. Choroko aliziacha. Alipofika nyumbani alitangaza kwa ukoo mzima kwamba Mwalimu kule Tanga anapikishwa, tena dengu, tena bila nyama. Habari ziliturudia kwa simu jioni ile ile. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza kama dengu za kesho nimeloweka. Nilikuwa nimesahau. Niliinuka nikaenda kuziloweka.